Jibu: Filamu ya yule jamaa mwenye viatu visivyofanana

Salama mkuu? Umeuliza filamu ya mtu wa kawaida anayetua uwanja wa ndege akiwa na viatu visivyofanana, majasusi wakamdhania mwenzao. Wewe unakumbuka Kifaransa, kaka yako anaapa alikuwa Tom Hanks. Hakuna mwongo hapo, filamu ni mbili.

Mimi nimewahi kuhangaika hivyohivyo, nikapakua isiyo yenyewe. Anza na kiatu. Kama kimoja ni cheusi na cha pili kahawia, hiyo ni ya Ufaransa ya 1972, *Le Grand Blond avec une chaussure noire*, yake mwongozaji Yves Robert. Kama kimoja ni chekundu, ni ile ya Marekani ya 1985, *The Man with One Red Shoe*. Kote mhusika ni mpiga fidla.

Bado una shaka? Mkumbuke yule dada wa gauni jeusi: mbele limefunga hadi shingoni, akigeuka mgongo wote uko wazi mpaka chini kabisa. Huyo ni Mireille Darc, basi yako ni ya Kifaransa.

Itafute hiyo kwanza. Pierre Richard, anayeigiza huyo mpiga fidla, hafanyi vituko vya makusudi, anajikwaa tu na maisha yake, huku wakubwa wa ujasusi wakivunja vichwa kutafuta siri ambayo haipo. Ya Hanks nilisinzia katikati. Ukinogewa, kuna mwendelezo wa 1974, na Pierre Richard yumo.