Harusi ya Kifalme na Wageni Waliobeba Chakula Chao

SWALI: Ndugu Mhariri, siku William wa Uingereza alipomwoa Catherine, wateja wangu hapa Kirumba waligoma kuondoka mezani kwa sababu ya televisheni, sato wakapoa sahanini. Nasikia siku ile Waingereza walipewa mapumziko. Mbona mdogo wake Harry alipooa hawakupewa? Na sisi wa kando ya ziwa, sherehe za namna hiyo tunazo?
Mama Lishe, Mwanza

JIBU: Mama, wateja wako walikuwa na udhuru, kwa kuwa ibada ya tarehe 29 Aprili 2011 ilianza saa tano asubuhi ya London, yaani saa saba mchana kwetu, wakati wa chakula. Ilikuwa Ijumaa, na mapumziko yalitangazwa na serikali kwa sababu William alikuwa wa pili katika kurithi kiti, akimfuata baba yake tu, hivyo ndoa yake ilihesabiwa kuwa jambo la dola. Harry, alipofunga ndoa Windsor tarehe 19 Mei 2018, alikwishasogezwa hadi nafasi ya sita na watoto wa kaka yake, na tena siku yenyewe ilikuwa Jumamosi.

Hata hivyo, umma haukuachwa nje kabisa. Watu 1,200 wa kawaida, kutoka pande mbalimbali za nchi, walialikwa kuingia katika viwanja vya ngome ya Windsor ili wawaone maharusi wakifika na kuondoka. Ila waliarifiwa mapema kwamba chakula hakitauzwa humo, kwa hiyo kila mmoja abebe chake. Wewe unayepika pilau za shughuli utaelewa kwa nini hata Uingereza kwenyewe jambo hilo lilizua maneno. Kwetu, mwenye harusi akimwambia mgeni aje na hotpoti yake, ataitwa kikao cha ukoo.

Kuhusu ziwa letu, sherehe hizo zipo ng'ambo, Uganda, ambako falme zilifutwa mwaka 1967, zikarudishwa mwaka 1993 bila mamlaka ya kutawala. Kabaka, yaani mfalme, Mutebi wa Pili wa Buganda alimwoa Sylvia Nagginda katika kanisa kuu la Namirembe mwezi Agosti 1999, na tarehe 18 Novemba 2023 Kyabazinga, yaani mfalme, wa Busoga, William Gabula Nadiope wa Nne, alimwoa Jovia Mutesi huko Bugembe, karibu na Jinja, ambapo Mto Nile unatoka ziwani.

Upande wetu, sheria ya mwaka 1963 iliwaondolea watemi, yaani machifu, wa Usukuma madaraka yao, na kumbukumbu zao utaziona katika makumbusho ya Bujora, Kisesa, mwendo mfupi wa daladala kutoka mjini, kwenye banda lililojengwa kwa umbo la kiti cha mtemi. Mjukuu wa mtemi akioa leo, serikali haitangazi mapumziko; kamati inaundwa, na kadi ya mchango inakufikia hapo hapo jikoni kwako kama ya bwana harusi mwingine yeyote.