Umetoka kwenye puli, sasa unaitaka snuka

Kijana mmoja wa Mbale, Uganda, ameniandikia wiki hii. Anasema kwenye meza ya puli ya mtaani kwao hakuna anayemtoa. Watu wa boda wameacha kuwekeana naye dau, siku hizi wanamnunulia soda ili awaachie zamu. Sasa ameona snuka kwenye simu, imemkaa moyoni, anaulizia fimbo ya kununua, na swali lake kubwa ni fupi: "Kaka, mimi na mkono huu, itanichukua muda gani kufika 147?"

Swali hilo linanuka puli mwanzo hadi mwisho. Mtu wa puli anahesabu kilichoingia tu. Hiyo 147 anayoiota, yaani pointi za juu kabisa ambazo kwa kawaida mtu anaweza kuzoa kwa zamu moja, hupatikana hivi: mipira myekundu 15, kila mmoja pointi 1, na baada ya kila mwekundu unaingiza mweusi wenye pointi 7, ambao unatolewa shimoni na kurudishwa mahali pake. Hapo una 120. Kisha rangi sita kwa zamu: njano 2, kijani 3, kahawia 4, bluu 5, pinki 6, mweusi 7. Hizo ni 27. Mipigo 36 mfululizo bila kukosa hata mmoja. Bingwa wa snuka Ronnie O'Sullivan aliifanya kazi hiyo Sheffield, Uingereza, mwaka 1997 kwa dakika 5 na sekunde 8, na video ile imewaharibu vijana wengi, maana wanadhani snuka ndiyo hiyo.

Mdogo wangu, kaa chini nikueleze mimi nilivyoingia, halafu utajipimia mwenyewe.

Mimi ni mtoto wa Busia. Pale mpakani malori yalikuwa yakipanga foleni kusubiri karatasi, na dereva anayesubiri karatasi ana kazi tatu: kula, kulala na kucheza puli. Meza yetu ilikuwa chini ya mabati, kitambaa kimeshonwa, mguu mmoja umekalia kipande cha tofali. Unatia sarafu ya shilingi 500, mipira inashuka kwa kishindo, anayeshinda anabaki, anayeshindwa anakabidhi fimbo. Mimi nilikuwa nabaki. Sijisifu, waulizeni waliokuwepo. Kulikuwa na jioni ambazo sarafu niliyotia ya kwanza ndiyo hiyo hiyo ya mwisho, wengine wote walinilipia mchezo mpaka taa inazimwa. Madereva wa Mombasa walikuwa wakishuka tu kwenye lori wanauliza, "Yule dogo yupo?" Kiswahili changu cha heshima nilikitoa nyumbani, hicho kingine nilikiokota kwenye meza ile.

Kampala nilikuja kutafuta kazi, nikapata ya kushughulikia mizigo ya forodha. Jioni Wandegeya, mwisho wa wiki Kabalagala, na huko nako nilibaki mezani. Ndipo bosi wangu, mtu mzuri lakini mpenda kuonyesha vitu vyake, akaniona nikicheza na kusema atanipeleka mahali penye meza ya watu wazima. Akanipeleka kwenye klabu moja ya wanachama. Viatu vya kufunga kamba, shati lenye kola, na sauti chini.

Ile meza, jamani. Futi 12 kwa 6. Ya mtaani ni futi 7 kwa 3 na nusu, kwa hiyo ukipiga hesabu ya eneo, ya snuka inaimeza ya kwetu karibu mara tatu. Mipira ina kipenyo cha milimita 52.5, inakaribiana na ya puli yetu, lakini ukisimama upande mmoja na kuutazama mweusi kule mwisho, unaona punje.

Mzee mmoja mwanachama alikubali kucheza nami. Kwa kuwa nilikuwa mgeni wa mchezo alinipa pointi 40 za bure kabla hatujaanza. Mimi moyoni nikasema, huyu mzee leo atajuta. Nikavunja kwa nguvu zangu zote za Busia, mipira myekundu ikatawanyika meza nzima, hakuna ulioingia, na yeye akaanza kuokota mmoja mmoja bila haraka, kama mtu anayechambua mchele. Zile 40 alizivuka kabla sijarudi mezani mara nyingi. Fremu, yaani mchezo mmoja, ilipoisha aliweka chaki chini, akamgeukia bosi wangu, akasema nikisikia: "Huyu umemtoa baa. Mrudishe kabla hawajafunga." Watu wakacheka. Bosi wangu naye akacheka.

Maneno yale sijayasahau na sina mpango wa kuyasahau. Wapo watakaoniambia nisamehe. Nimesamehe, ila nakumbuka nani alicheka na alikuwa amekaa kiti gani.

Miezi iliyofuata naipita, haina utamu: ni kumbembeleza bosi, kulipa ya mgeni langoni, kusubiri wanachama wamalize, na kukosa. Nitakwambia nilichokielewa humo.

Cha kwanza ni mpira mweupe. Meza nyingi za sarafu zina mweupe mdogo kidogo kuliko mipira mingine, ili mashine ya ndani iutambue na kuurudisha unapoingia shimoni. Mdogo maana yake mwepesi, na mwepesi unarudi nyuma kirahisi ukiupiga chini. Sisi tunajiona mafundi wa kurudisha mpira, kumbe nusu ya ufundi ni ya mashine. Kwenye snuka mweupe ni saizi moja na wenzake. Ukiupiga kama ulivyozoea, unafika, unagusa, unasimama pale pale, na wewe unabaki unautazama. Ili urudi inabidi uupige chini na fimbo ipite kwa unyoofu kabisa. Nguvu haisaidii. Nitalirudia hili mpaka mnichoke: nguvu haisaidii.

Cha pili ni umbali. Kosa la kiwiko ambalo meza ya futi 7 inakusamehe, ya futi 12 inalikuza mpaka kila mtu alione. Dawa yake ni zoezi moja, nalo unaweza kulifanya hapo hapo Mbale kabla watu hawajaamka. Weka mweupe upande mmoja wa meza, katikati, upige taratibu hadi ukingo wa mbali, na urudi ugonge ncha ya fimbo yako uliyoiacha palepale. Ukirudi kushoto au kulia, uliupiga pembeni bila kujua. Kidevu kikae juu ya fimbo, kichwa kisiinuke, mkono wa nyuma tu ndio uende. Wanasnuka wakubwa wanalifanya juu ya alama za kahawia, bluu, pinki na nyeusi, ambazo zote ziko kwenye mstari mmoja. Zoezi lenyewe linachosha vibaya sana. Fanya.

Kuna mambo madogo ambayo utayaona mwenyewe: kitambaa cha snuka kina manyoya yanayolalia upande mmoja, kutoka upande wa rangi ndogo (njano, kijani, kahawia) kuelekea mweusi, kwa hiyo mpira unaokwenda polepole kinyume chake unaweza kuhama njia. Kuna kiegemeo cha fimbo kwa mipira ya mbali, nacho mtu wa puli anakiona aibu, anapenda kupanda mezani na goti. Miguu yote miwili ikiachia sakafu, refa atakuita faulo.

Lakini kikubwa, na hapa ndipo wachezaji wetu wazuri wanapofia, ni kunyima. Kwenye puli ya mtaani mtu asiyejaribu kuingiza ni mwoga. Ukigusa mpira polepole ukauacha umejificha, benchi zima linapiga miluzi, na mwenye dau lake anakutukana mama. Najua wa ligi wanajilinda, nasema ya mtaani. Kwenye snuka kumnyima mwenzako ni nusu ya mchezo. Unapiga mwekundu pembeni kidogo tu, mweupe unarudi mpaka ukingo wa chini, unamwachia mezani kitu kisichopigika. Au unamficha: mweupe nyuma ya mpira usio zamu yake, apite wapi apitie. Akikosa kugusa anachotakiwa unapewa pointi 4, na faulo inaweza kufika 7 ikiwa mweusi umehusika.

Fainali ya dunia ya 1985 kati ya Steve Davis na Dennis Taylor ilifika fremu ya mwisho, 17 kwa 17, na fremu hiyo peke yake ilichukua dakika 68. Taylor hakuwahi kuongoza fainali ile hata dakika moja mpaka mpira mweusi wa mwisho ulipoingia. Nawauliza vijana wa video za dakika 5: mngeikaa ile?

Na kwa wanaoota mfululizo wa mamia, yaani pointi 100 na zaidi kwa zamu moja, kumbukeni Perrie Mans wa Afrika Kusini, Mwafrika aliyefika fainali ya dunia mwaka 1978. Mwaka uliofuata alichukua taji la Masters, moja ya mashindano makubwa ya snuka, mbele ya Alex Higgins, na katika fainali hiyo hakupiga hata mfululizo mmoja wa pointi 50. Mpira mmoja, miwili, mitano, anakaa. Taji likaenda nyumbani kwake.

Nilipoanza kunyima, mzee yule akaacha kunipa pointi za bure. Hakutangaza, aliacha tu. Mwezi uliopita tukacheza sawa kwa sawa na nikajikuta niko nyuma kwa pointi 29, mezani zimebaki rangi sita peke yake, yaani 27. Mtu wa puli hapo anatoa mkono. Mimi niliugusa njano kwa upole, ukaenda zake ukingoni, na mweupe ukakaa nyuma ya kahawia kabisa. Mzee alizunguka meza. Akapaka chaki, akazunguka tena. Alipiga kupitia kingo mbili, akaukosa njano kwa upana wa kidole. Pointi 4 kwangu. Akauacha mweupe mahali pazuri, nami nikaanza: njano, kijani, kahawia, bluu, pinki. Mweusi ulikuwa karibu na shimo la kona, na nakiri mikono ilikuwa imelowa. Uliingia. Nilimshinda kwa pointi 2. Alinipa mkono bila kunitazama, nami nikamwambia "Asante, mzee," kwa sauti ambayo chumba kizima kilisikia.

Sasa nisikilizeni vizuri, hasa wazazi mnaosoma. Hicho kichwa kilichoiona ile nafasi nyuma ya kahawia kilifundishwa chini ya mabati Busia, na meza yenye msongamano. Meza ndogo ina mipira 15 na mweupe iliyobanana, na kuisoma ni akili. Msiruhusu mtu mwenye kadi ya uanachama awaambie puli ni ya wahuni. Snuka yenyewe ilizaliwa mwaka 1875 Jabalpur, India, kwa maafisa wa jeshi la Uingereza waliokuwa wakipoteza muda na kuwekeana dau wakati wa mvua. Mbona hao hawaitwi wahuni? Puli ya Uganda ina ligi ya taifa na timu inayokwenda mashindano ya Afrika, na wanawake kama Rashida Mutesi wamejenga jina humo. Snuka hapa kwetu haina hata robo ya hayo. Kwa hiyo usiiache puli ukidhani unapanda cheo. Cheza zote mbili, na ile inayokupa mechi za ushindani usiitupe.

Na dau acheni. Mimi nilikula dau miaka mingi, najua ninachosema. Mtu mwenye dau mezani hawezi kunyima, kwa sababu anaharakisha hela. Anapiga mpira ambao macho yake yanamwambia haupo. Ukitaka kujifunza snuka huku umewekeana pesa na watu, utajifunza kupoteza pesa kwenye meza kubwa zaidi.

Kuhusu 147: sijaipiga, na kwa mkono wangu huu sitaipiga. Mfululizo wangu mkubwa siutaji, mzee anaweza kuwa anasoma.

Uliulizia pia fimbo. Usinunue bado, tumia za klabu mpaka kiwiko kitulie. Ukifika wakati wa kununua, tafuta ya inchi 57 au 58, ncha yake milimita 9 hadi 10. Ukiona ncha nene ya milimita 13, hiyo ni ya puli ya Kimarekani, muuzaji atakuapia kwamba ni ya snuka. Iviringishe mezani kabla hujatoa hela. Ikirukaruka, mrudishie.