Vidonda vya tumbo vinarudi kwa sababu hukutibiwa chanzo chake

Msomaji mmoja ameandika wiki hii. Ana vidonda vya tumbo mwaka wa sita sasa. Ameacha pilipili, ameacha kahawa, anameza omeprazoli, dawa ya kupunguza tindikali, kila tumbo linapowaka, na bado vinarudi. Anauliza ale nini. Swali hili linaniuma, kwa sababu jibu lake haliko kwenye chakula, na kwa miaka sita hakuna aliyemwambia.

Tumbo hutengeneza tindikali kali ya kusaga chakula, nalo hujikinga nayo kwa ute mzito unaotandazwa juu ya ukuta wake. Ute huo ukidhoofika, tindikali hufika kwenye nyama na kuichimba. Shimo hilo ndilo kidonda, likiwa ndani ya tumbo lenyewe au mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Pilipili haichimbi shimo hilo. Msongo wa mawazo unaweza kuzidisha maumivu, lakini ukimlaumu mgonjwa kwa mawazo yake unamchelewesha kutibiwa. Wanaouharibu ute, kwa wagonjwa walio wengi, ni wawili: bakteria aitwaye Helicobacter pylori na dawa za maumivu.

Bakteria huyu hujificha chini ya ute na kutengeneza amonia inayopoza tindikali iliyomzunguka, ndiyo maana haungui. Mwaka 1984 daktari Barry Marshall wa Australia alikunywa bakteria hao makusudi, akapata uvimbe wa ukuta wa tumbo. Mwaka 2005 yeye na mwenzake Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel kwa kuonyesha kwamba bakteria huyu huleta vidonda vya tumbo. Tangu hapo hakuna sababu ya kumwambia mgonjwa kwamba ugonjwa huu ni wa kuzoea.

Dawa za maumivu ni aspirini, ibuprofeni, diklofenaki na ndugu zake. Huzuia kemikali inayoleta maumivu, lakini kemikali ya ukoo huohuo ndiyo inayoamuru tumbo litoe ute. Kwa hiyo sindano ya diklofenaki nayo hudhuru, maana madhara hupitia kwenye damu. Ukiwa na kidonda na unahitaji kutuliza maumivu, parasetamoli ni salama zaidi. Kama unameza aspirini kwa ajili ya moyo, usiiache mwenyewe; mweleze daktari kwanza.

Sasa vipimo, na hapa ndipo wengi hupotezwa. Kipimo cha damu hutafuta askari wa mwili (kingamwili) waliotengenezwa kupigana na bakteria, na askari hao hubaki miezi au hata miaka baada ya bakteria kufa. Mtu aliyepona hupimwa damu, huambiwa bado anao, hupewa dozi ya pili asiyoihitaji. Omba kipimo cha choo au cha pumzi, vinavyoonyesha bakteria aliye hai. Acha omeprazoli na dawa za kundi lake wiki mbili kabla ya kupima, na antibiotiki au bismuthi (dawa ya tumbo yenye madini) wiki nne kabla. Usipofanya hivyo, bakteria hupungua kwa muda tu na jibu hutoka kwamba huna, ilhali unaye.

Ukiwa na zaidi ya miaka 60, au unapungua uzito bila sababu, chakula kinakwama, unatapika mara kwa mara au damu imepungua, kipimo chako ni kamera ya kuingizwa tumboni, na nyama kidogo ikatwe ikapimwe. Choo cheusi kama lami chenye harufu kali, matapishi yenye damu au yanayofanana na masalia ya kahawa, au maumivu ya ghafla huku tumbo limekakamaa kama ubao, ni safari ya hospitali saa hiyohiyo.

Akionekana bakteria, tiba ni siku 14. Mchanganyiko unaopendekezwa zaidi siku hizi una dawa nne: omeprazoli mara mbili kwa siku, bismuthi, tetrasaiklini na metronidazoli. Upo pia ule wa zamani wa omeprazoli miligramu 20, amoksilini gramu 1 na klarithromaisini miligramu 500, zote mara mbili kwa siku. Huu unafeli sana siku hizi kwa sababu bakteria wengi wameizoea klarithromaisini. Kama uliwahi kupewa dawa za jamii hiyo kwa kifua au koo, sema. Sema pia kama penisilini inakudhuru, maana amoksilini ni ndugu yake, au kama una mimba, kwa kuwa tetrasaiklini haifai kwa mjamzito.

Siku ya nne au ya tano ndiyo inayowashinda watu. Mdomo unakuwa na ladha ya chuma, kichefuchefu kinapanda, na maumivu tayari yametulia, basi mtu anaacha. Usiache! Bakteria waliosalia ndio waliostahimili dawa, nao ndio watakaozaana. Kula kidogo pamoja na metronidazoli na usiguse pombe. Tetrasaiklini usiimeze pamoja na maziwa, vidonge vya madini ya chuma wala dawa ya maji ya kupoza tindikali, kwani huifunga isiingie mwilini. Bismuthi hugeuza choo na ulimi kuwa vyeusi. Hilo halina madhara mradi choo kisinate kama lami wala kunuka vibaya kupita kawaida.

Omeprazoli nayo ina saa yake: nusu saa hadi saa moja kabla ya kula. Hufunga pampu za tindikali zile tu zilizoamshwa na chakula, na huchukua siku kadhaa kufikia nguvu yake yote, kwa hiyo kuimeza tumbo linapowaka ni kuchelewa. Tena, aliyeitumia miezi mingi akiiacha ghafla, tindikali hufurika kwa wiki chache, naye hudhani kidonda kimerudi. Maziwa hupoza dakika chache, kisha hulichochea tumbo kutoa tindikali zaidi. Sigara huchelewesha kidonda kufunga, na hilo halina mjadala.

Kwa hiyo, ndugu msomaji: hesabu wiki mbili bila omeprazoli, kapime choo au pumzi, na uende na orodha ya kila dawa ya maumivu uliyomeza. Ukimaliza dozi, subiri angalau wiki nne bila antibiotiki, wiki mbili za mwisho bila omeprazoli, kisha upime tena kwa njia ileile. Bakteria akiwepo bado, dozi ya pili isirudie klarithromaisini. Na kama kidonda chako kilionekana ndani ya tumbo lenyewe, muulize daktari kuhusu kurudia kamera baada ya wiki 8 hadi 12, kwa sababu saratani ya tumbo huweza kujionyesha kama kidonda cha kawaida, na maumivu yake hutulia kwa dawa hizihizi.