Umbo moja la akodi ogmante linatosha
Ndugu mpiga gitaa, huna haja ya kukariri maumbo 12 (mipangilio ya vidole) ya akodi ogmante, yaani sauti tatu zinazopigwa pamoja, kwa kuwa sauti hizo zimeachana kwa kaze nne nne (kaze ni nafasi kati ya vyuma vya shingo ya gitaa), na ukilisogeza umbo moja kaze nne mbele unapata sauti zilezile kwa mpangilio mwingine. Do, mi na sol dieze (sol iliyopandishwa nusu sauti) ni do ogmante na ni mi ogmante pia. Jina huamuliwa na besi, yaani sauti ya chini kabisa. Katika kwaya yetu hapa Katuba, Lubumbashi, ninabana kaze ya 3 kwenye uzi wa nne, ya 2 kwenye wa tatu na wa pili, ya 1 kwenye wa kwanza: hiyo ni fa ogmante. Ila usiikawize, maana sikio huchoka nayo upesi.