Ukipewa nafasi ya mistari miwili

Nafasi yangu ya kwanza kwenye tamthilia ya televisheni ilikuwa na mistari miwili, na mhusika wangu hakuwa hata na jina. Kwenye skripti aliandikwa "Jirani". Nilikwenda, nikasema mistari yangu, nikarudi nyumbani. Siku iliporushwa nilijitazama nikaumia. Sikuwa nimekosea neno hata moja, lakini yule jirani hakuwa na nyumba, hakuwa na watu wake, wala hakuwa na shughuli aliyoiacha ili aje mlangoni.

Nawaandikia nyinyi mnaoanza, hasa mnaoitiwa nafasi za pembeni: muuguzi, karani, shangazi, shahidi mahakamani. Mimi hadi leo ndizo ninazocheza, na nazipenda kwa moyo wote. Ninachotaka mkielewe mapema kuliko mimi ni kwamba mhusika wa pembeni hajui kama yuko pembeni. Kwake, siku ile ni siku yake. Kabla sijahifadhi mistari najiuliza alikuwa akifanya nini dakika tano kabla ya kuingia, nani anamsubiri, na mguu upi unamuuma. Watazamaji hawatayajua majibu, ila watamwona mtu aliyetoka mahali.

Aliyenifundisha hili sikuwahi kukutana naye. Ni Kathryn Joosten, mwigizaji wa Marekani. Alikuwa muuguzi wa wagonjwa wa akili huko Chicago, akaolewa, akazaa watoto wawili wa kiume, ndoa ikavunjika. Alianza kuigiza akiwa na miaka 42, kwenye kikundi cha kujitolea. Baadaye akapata ajira ya kuigiza katika bustani ya burudani ya Disney kule Florida, akizungumza na wageni waliokuwa wakipita. Mwaka 1995, akiwa na miaka 55, akahamia Hollywood, umri ambao wengi huambiwa wakae nyumbani. Kufikia 1999 alikuwa Bi. Landingham, katibu wa Rais katika The West Wing, tamthilia ya televisheni kuhusu Ikulu ya Marekani.

Mtafuteni mumtazame. Katika kipindi cha Krismasi cha msimu wa kwanza, Bi. Landingham anamsimulia kijana msaidizi wa Rais habari za wanawe, mapacha, waliouawa Vietnam mkesha wa Krismasi mwaka 1970. Onyesho lenyewe ni fupi. Hapazi sauti na wala haombi huruma. Anazungumza kama mama aliyebeba jambo miaka mingi hadi akajua namna ya kulibeba. Hadi hapo tulikuwa tumemzoea kama mama mkali kidogo mwenye chombo cha biskuti mezani. Baada ya hapo, kila akipita na makaratasi yake unajua anatembea na nini. Mimi naamini ule utulivu aliutoa wodini, kwa kukaa na watu waliokuwa kwenye maumivu. Kwa hiyo, mdogo wangu, usiionee haya kazi uliyoifanya kabla ya hii. Kama uliuza duka, kama ulifundisha, kama ulimuuguza mzazi, hiyo ndiyo akiba yako, na hakuna chuo cha uigizaji kinachoweza kukupa.

Sasa niseme habari ya mikono, maana hapa wageni wengi huumia. Niliwahi kucheza mama anayekunja nguo huku mwanawe na mkwewe wakigombana mbele yake. Onyesho moja hurekodiwa mara nyingi: kwanza kamera iko mbali inatuona sote, kisha inasogea kwa mmoja mmoja. Mara ya kwanza nilikunja shati jeupe pale mkwe aliposema "naondoka". Mara ya tatu, neno lilelile lilipofika, shati lilikuwa limeshakunjwa na mimi nimeshika taulo. Dada anayesimamia mwendelezo, yaani kuhakikisha kila marudio yanafanana, akaja na picha zake, akanionyesha taratibu kwamba mhariri hataweza kuunganisha. Ikabidi turudie, na kijana aliyekuwa ametoa machozi ya kweli akalazimika kuyatafuta upya. Nilimwomba radhi, akanikubalia, lakini yale machozi ya kwanza hayakurudi.

Tangu siku ile kila tendo nalifunga kwenye neno. Kwenye "jana" nachukua shati. Kwenye "naondoka" nakunja mkono wa kulia. Kwenye kimya kinachofuata naliweka chini. Naandika kwa penseli kando ya mstari, kisha nafanya nyumbani kwa nguo za kweli mpaka mikono inakwenda yenyewe na akili inabaki kwa mwanangu anayeachwa. Onyesho la kula ni vivyo hivyo: chukua kidogo sana, kwa sababu huenda ukalila lile tonge mara kumi na tano, na kila mara lazima liwe kwenye neno lilelile. Alama ya kusimamia, ile inayowekwa sakafuni kukuonyesha pa kusimama, nayo usiitafute kwa macho. Hesabu hatua kutoka mlangoni wakati wa mazoezi. Mtazamaji akikuona unaangalia sakafu, ameshakujua kuwa unaigiza.

Sehemu kubwa ya kazi yetu haina maneno. Mhariri akiwa na ugomvi wa watu wawili mezani kwake, hutafuta uso wa tatu wa kukimbilia, na uso huo ni wako. Ukiwa unangoja zamu yako ya kusema, uso utaonyesha kungoja tu. Sikiliza kana kwamba hujui watasema nini. Na kamera ikigeukia kwa mwenzako, wewe ukisimama kando yake kumpa mistari, mpe yote, kwa sauti ileile na macho yaleyale. Nimeona wakubwa wenye majina wakitoka kwenda kupumzika na kumwacha mtu mwingine asome mistari yao. Nimeona pia wachache waliobaki kusimama nami saa moja jioni, wamechoka, ili mistari yangu mitatu ipate wa kujibu. Hao siwasahau, na nikiulizwa nani anafaa kuitwa, majina yao ndiyo hunitoka kwanza.

Kwenye usaili, ingia na uamuzi mmoja kuhusu mhusika wako. Usianze kwa kueleza kwamba umepata skripti usiku au una mafua. Mwongozaji akikwambia ujaribu kwa njia nyingine, badilika kweli, hata kama ya kwanza ilikuwa nzuri. Mara nyingi anachopima ni kama unaelekezeka. Ukitoka, andika kwenye daftari ulichojifunza, kisha uliache jambo hilo pale pale.

Mkataba usome wote. Kampuni moja ilinishikilia siku mbili zaidi bila malipo kwa sababu karatasi niliyosaini haikusema lolote kuhusu siku kuzidi. Tangu hapo nauliza: siku ngapi, zikizidi je, kipindi kikirudiwa je, usafiri ni wa nani. Na usiache kazi nyingine haraka. Nafasi zetu huja tatu kwa mpigo, kisha miezi ikapita kimya.

Kuhusu umri, kina dada mniamini. Mwigizaji wa Marekani Doris Roberts alikuwa na miaka 70 alipoanza kumcheza mama mkwe Marie katika kichekesho cha televisheni Everybody Loves Raymond mwaka 1996, na nafasi hiyo ikampa tuzo nne za Emmy, tuzo kubwa za televisheni za Marekani. Mwenzake wa Marekani, Margo Martindale, alipata Emmy yake ya kwanza mwaka 2011, akiwa na miaka 60. Wote wawili walikuwa wamefanya kazi miaka mingi kabla ya hapo, nafasi ndogo baada ya nafasi ndogo.

Na mhusika wako anaweza kuuawa ukiwa umemzoea. Bi. Landingham alikufa kwa ajali ya gari mwishoni mwa msimu wa pili, mwaka 2001, mimi nikalia kama nimefiwa. Lakini mwaka 2005 Joosten alipewa nafasi nyingine katika tamthilia ya Desperate Housewives: Bi. McCluskey, jirani. Jirani tu, wa kuja na kuondoka. Kwa jirani yule alipata Emmy mwaka huohuo, akapata nyingine 2008, na akabaki hadi kipindi cha mwisho, Mei 2012, ambamo Bi. McCluskey anafariki kwa saratani ya mapafu. Joosten mwenyewe alikuwa akiugua ugonjwa huohuo. Alifariki Juni 2, wiki tatu hivi baadaye, akiwa na miaka 72.

Skripti yangu ya kwanza bado ninayo. Miaka mingi baada ya kuirekodi niliifungua, na pale palipoandikwa "Jirani" nikaongeza kwa penseli: Salome, ameacha maziwa motoni.