Unaanza kutumia linia programingi kwenye savei ya wateja? Anza na masharti, kompyuta baadaye

Kama ndo umepewa kazi ya kupanga savei ya wateja kwa mara ya kwanza na bajeti umeambiwa ni ndogo, najua unachofanya saa hizi. Umefungua Excel, umeweka idadi ya watu kwa kila njia ya kuwafikia, umezidisha na gharama, jumla ikizidi unapunguza huku unaongeza kule mpaka namba ikae. Sio vibaya. Ila njia hiyo haikuambii kama kuna mpango wa bei nafuu kuliko wako, na haikuambii kabisa ni takwa gani la bosi ndilo linalokula hela. Hayo mawili ndo linia programingi inakupa, yaani hesabu ya kutafuta mpango wa gharama ndogo kabisa unaotimiza masharti yako yote, nitaiita LP tu, na kwangu mimi la pili lina thamani kuliko la kwanza.

LP ina vitu vitatu: vigeu, yaani namba unazotafuta, lengo, yaani kile unachotaka kipungue (au kiongezeke), na masharti. Kila kitu lazima kiwe cha mstari, namaanisha kigeu kinazidishwa na namba ya kawaida halafu vinajumlishwa, hakuna kigeu kuzidisha kigeu wala kugawanya kigeu kwa kigeu. Basi. Mtu akikutisha na hesabu zake mwambie kompyuta ndo inapiga, wewe kazi yako ni kuandika swali sawasawa.

Tuchukue mfano mmoja twende nao mpaka mwisho. Unataka majibu ya wateja 600. Una makundi mawili, wateja wapya na wateja wa zamani, na njia tatu, linki ya intaneti, simu, na kukutana ana kwa ana. Kwa hiyo vigeu ni sita: wapya kwa linki, wapya kwa simu, wapya ana kwa ana, na wa zamani hivyo hivyo.

Sasa gharama, na hapa naomba utulie maana ndo pa kuharibu kazi nzima. Gharama inayoingia kwenye LP ni ya jibu moja lililokamilika, sio ya jaribio moja. Tuseme kumpigia mtu simu moja ni 1.2 kwa hela yoyote unayotumia. Wateja wa zamani wanaokubali kumaliza maswali ni 20 katika kila 100, basi jibu moja ni 1.2 gawanya kwa 0.20, unapata 6. Wapya wanaokubali ni 15 kwa 100, basi ni 1.2 gawanya kwa 0.15, unapata 8. Simu ni ile ile, dakika ni zile zile, ila mteja mpya ni ghali zaidi kwa sababu anakata. Ukiweka 1.2 kote LP itakupangia simu kibao na bajeti itaisha katikati ya kazi. Kwa njia nyingine tuseme wapya linki ni 3 na ana kwa ana ni 20, wa zamani linki ni 2 na ana kwa ana ni 18.

Masharti: jumla isipungue 600, wapya wasipungue 250, wa zamani wasipungue 250, linki isizidi asilimia 40 ya wote yaani 240 (tunaogopa kuwapata wale wanaokaa mtandaoni tu), ana kwa ana isipungue asilimia 15 yaani 90, na katika wapya wenyewe angalau asilimia 20 wahojiwe ana kwa ana.

Hizi 600 na 250 hazitoki hewani na LP haikuchagulii. Kwa sampuli ya kubahatisha ya kawaida, watu 600 wanakupa kosa la sampuli la kama asilimia 4 juu na chini kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95, na watu 250 wanakupa kama 6.2. Ukubwa wa kosa unategemea kipeuo cha pili (skwea ruti) cha idadi kwa hiyo sio mstari, huwezi kuliingiza moja kwa moja kwenye LP. Amua kwanza unataka uhakika kiasi gani kwa kila kundi, geuza iwe idadi ya watu, ndo uilete huku kama sharti.

Lile sharti la asilimia 20 ya wapya ndo linawasumbua sana wageni. Wanaandika kwenye seli ana kwa ana gawanya kwa jumla ya wapya, halafu Solver, kile kifaa cha Excel cha kutatua LP, inalalamika kwamba modeli sio ya mstari, wanabaki wanaitukana Excel. Usigawanye. Hamisha mgawanyo upande wa pili uwe kuzidisha: wapya ana kwa ana ≥ 0.2 × (wapya wote watatu wakijumlishwa). Ni sharti lile lile na sasa ni la mstari. Kila ukisikia neno asilimia kwenye mahitaji ya savei, fanya hivyo.

Kwenye Excel unachagua Simplex LP kama njia ya kutatua na unaweka tiki kwamba vigeu visiwe hasi, LibreOffice Calc nayo ina Solver yake, na wanaoandika programu kwa lugha ya Python wana maktaba ya PuLP ambayo ni bure. Chochote utakachotumia jibu la mfano huu ni gharama 4020: wapya linki 200, ana kwa ana 50, simu 0, na wa zamani linki 40, simu 270, ana kwa ana 40.

Umeona hiyo sifuri? Hakuna mteja mpya hata mmoja atakayepigiwa simu. Kompyuta iko sawa kabisa hapo, maana jibu bora la LP linapatikana kwenye kona ya eneo linaloruhusiwa, yaani pale mipaka ya masharti inapokutana, na kwenye kona vigeu kadhaa huwa vinalala kwenye sifuri. Mfano maarufu ni ule wa mchumi George Stigler aliyetafuta mwaka 1945 mlo wa bei rahisi kabisa kutoka vyakula 77 vinavyotimiza virutubisho 9, akapata dola 39.93 kwa mwaka kwa kukadiria kwa akili. Mwaka 1947, baada ya mwanahisabati George Dantzig kuleta simplex, njia ya kutatua LP, tatizo hilo hilo lilipigwa kwa mashine za kuhesabia za mezani, kazi ya siku 120 za mtu mmoja, likatoka 39.69, na mlo wenyewe una vyakula vichache mno ambavyo hakuna mtu angekubali kula mwaka mzima. Hesabu ilitimiza kila ilichoambiwa, na hakuna aliyeiambia kwamba mtu anachoka kula kitu kimoja.

Na kwenye savei ni hivyo hivyo. Kama wapya hawapigiwi simu kabisa, ukija kulinganisha majibu ya simu kati ya wapya na wa zamani huna cha kulinganisha, na tofauti ukiiona hutajua ni ya kundi au ni ya njia. Kwa hiyo ongeza sharti: kila mchanganyiko wa kundi na njia uwe na watu angalau 30. Piga tena. Inakuja 4050, wapya ni linki 170, simu 30, ana kwa ana 50, wa zamani ni linki 70, simu 240, ana kwa ana 40. Tulichoogopa kwamba kitakuwa ghali kimeongeza 30 tu! Ungekuwa unakisia kwa mkono ungeweza kuliacha sharti zuri kama hili kwa kudhani litavunja bajeti.

Hapo sasa tumefika kwenye kitu ambacho nataka sana ukishike, bei kivuli. Kwenye Excel ukimaliza kutatua omba ripoti ya sensitiviti, kila sharti lina bei yake pale, yaani gharama inabadilika kiasi gani ukilikaza au kulilegeza kwa mtu mmoja. Kwenye mfano wetu kila mhojiwa wa ana kwa ana unayelazimishwa kumweka anaongeza 12, kwa sababu anachukua nafasi ya mtu wa simu. Kila nafasi ya linki ukiruhusiwa kuongeza inaokoa 4. Kila mteja mpya unayemwongeza juu ya 250 huku jumla ikibaki 600 anaongeza 1.2 tu. Zikae hizo namba kichwani: 12, 4, 1.2. Watu watabishana nusu siku kuhusu idadi ya wateja wapya, kitu ambacho hakigharimu karibu chochote, na ile asilimia 15 ya ana kwa ana inapita bila mtu kuuliza imetoka wapi.

Tuseme bosi anakwambia bajeti ni 4000, hakuna zaidi. Wewe una 4050. Ukiweka bajeti kama sharti Solver itakwambia hakuna jibu linalowezekana, na wageni wengi hapo wanahisi wamekosea kuandika, wanaanza kufuta seli. Umeandika vizuri, masharti ndo yanapingana. Huna haja ya kukata watu kila mahali. Punguza ana kwa ana kutoka asilimia 15 hadi 14, watu 6, kila mmoja 12, umeokoa 72, umefika 3978. Unaenda kwa bosi na sentensi moja: tukikubali asilimia 14 tunaingia kwenye bajeti, tukisisitiza 15 inabidi iongezwe 50. Yeye ataamua, ndo kazi yake, lakini anaamua akiwa anajua anachonunua.

Angalizo, bei kivuli haidumu milele. Kwenye mfano huu ukiendelea kupunguza ana kwa ana inaokoa 12 kila mtu mpaka wakibaki 80, halafu inagoma, maana wapya 50 wanalindwa na asilimia 20 yao na wa zamani 30 wanalindwa na kile kima cha chini. Ripoti inaonesha hiyo mipaka, usiisome bei bila kusoma mpaka wake.

Mambo mengine nayapitia harakaharaka. Ukisahau sharti la jumla na vima vya chini, Solver itakupa sifuri kila mahali, kwa sababu savei ya bei ndogo kuliko zote ni kutomuuliza mtu, kwa hiyo ukiona masifuri rudi kwenye masharti. Ukipata watu 50.2 usikate kwenda 50 kienyeji, unaweza kuvunja sharti, waambie vigeu viwe namba nzima. Ila fanya hivyo mwishoni, kwa sababu Excel haitoi ripoti ya sensitiviti kukiwa na sharti la namba nzima, kwa hiyo kwanza piga bila hilo usome bei kivuli, halafu piga tena upate mpango wa kupeleka kazini. Na kama kuna gharama inayolipwa mara moja tu, mfano kufunga mfumo wa kupigia simu, hiyo usiigawanye kwa mtu mmoja mmoja, inahitaji kigeu cha 0 au 1 (1 ukiilipa, 0 usipoilipa), au piga modeli mara mbili, moja yenye simu na nyingine isiyo na simu, ulinganishe jumla.

Pia kumbuka ukiwachagua wapya 250 na wa zamani 350 na kwenye orodha halisi ya wateja uwiano hauko hivyo, lazima utumie uzito wakati wa kuchambua majibu, yaani kila kundi lihesabike kwa uwiano wake halisi. LP imepanga gharama tu, haijafanya sampuli yako ifanane na wateja wako.

La mwisho ndilo wengi hawalifanyi kabisa. Wakishapata mpango wanaprinti, wanawagawia wahojaji, modeli inafungwa. Zile asilimia za kukubali ulizoanza nazo ni makadirio, na ukianza kazi ndo unajua ukweli. Tuseme baada ya siku za mwanzo wateja wa zamani wanaokubali simu ni 16 kwa 100 badala ya 20. Gharama yao kwa simu inakuwa 1.2 gawanya kwa 0.16, yaani 7.5. Ukiendelea na mpango uleule jumla inapanda kutoka 4050 hadi 4410. Ukipiga upya unapata 4340 na mpango wenyewe umegeuka kabisa: wapya wa simu wanatoka 30 kwenda 170, linki yao inashuka hadi 30, na wa zamani wanahamia kwenye linki 210 huku simu ikibaki 100.

Na ripoti ilishakwambia mapema, kwa sababu inaonesha gharama ya simu ya wa zamani inaweza kupanda kwa 1 tu, kutoka 6 hadi 7, kabla mpango haujabadilika. Saba kwa lugha ya kazini ni kama asilimia 17 ya kukubali. Kwa hiyo mwambie msimamizi wa simu akuletee hiyo asilimia kila jioni, ikishuka chini ya 17 fungua faili, weka majibu uliyokwisha kupata kama kima cha chini kwa kila kigeu maana hayo hayarudi nyuma, weka gharama mpya kwa yaliyobaki, bonyeza tatua, na kesho yake asubuhi wagawie wahojaji namba mpya.