Maswali yenu: AICC, Bunge na zege lake

Baba anasema AICC, kituo cha mikutano cha kimataifa cha Arusha, ilijengwa kwa ajili ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mbona Jumuiya ina jengo lake jirani? (Msomaji, Sakina)

Mzee yuko sahihi. Jumuiya ya kwanza, ya Kenya, Uganda na Tanzania, iliundwa 1967, makao makuu yakawa Arusha, na majengo haya yakajengwa kwa ajili yake. Ikavunjika 1977. Mwaka uliofuata serikali ikaanzisha AICC ili pawe kituo cha mikutano. Jumuiya ikaja kufufuliwa, na Bunge lake, Bunge la Afrika Mashariki, lilipozinduliwa Novemba 2001, likaingia humo humo kama mpangaji! Jengo jipya la Jumuiya lilifunguliwa 2012 tu. Humo AICC pia ilikaa Mahakama ya Kimbari ya Rwanda, na Septemba 1998 Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba huko Rwanda, akatiwa hatiani: hukumu ya kwanza ya mauaji ya kimbari kutolewa na mahakama ya kimataifa. Naomba watoto wetu waonyeshwe mahali hapo.

Yale majengo matatu yanaitwaje? (Ngaramtoni)

Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro.

Raia anaruhusiwa kusikiliza Bunge? (Tengeru)

Ndiyo, lipo jukwaa la wageni. Ila ulizia ratiba kwanza, maana vikao huzunguka nchi wanachama. Kila nchi hutoa wabunge 9.

Kwa nini walipenda zege la kijivu? Na likianza kupasuka, si lipakwe rangi tu? (Moshi)

Simama kwenye Boma la Wajerumani, kisha tazama AICC iliyo nyuma yake. Boma ni kuta nene za mtawala anayejilinda. Nchi zilizopata uhuru zilitaka sura nyingine. Huko Chandigarh, India, mbunifu wa majengo Le Corbusier alijenga Bunge la jimbo kwa zege tupu, bila nakshi za mkoloni. Mimi nalipenda zege hilo, hasa asubuhi baada ya mvua.

Rangi, hapana, si kabla ya kukagua. Maji na hewa vikipenya hadi kwenye nondo, nondo hushika kutu, kutu huvimba na kulisukuma zege mpaka limeguke. Ukipaka rangi juu, ugonjwa unaendelea ndani. Fundi agonge kwanza kwa nyundo ndogo, kipande kwa kipande. Zege zima hulia kavu, "ko". Lililoachana na nondo hulia kama mtungi mtupu. Hapo ndipo pa kuchimbua, nondo isuguliwe hadi ing'ae, ndipo pazibwe.